Sailensa: uandikishe kwa jina lako au kwa trasti? Anza na kifungu cha kumtoa mtu

Siku nanunua sailensa yangu ya kwanza (kile kifaa cha kupunguza mlio wa bunduki) hapa Texas, dila, yaani muuzaji, aliniambia chukua trasti, ile hati ya kisheria inayomiliki kitu kwa niaba ya watu walioandikwa humo, wanaoitwa wadhamini, kila mtu anachukua trasti, akaniletea karatasi za kujaza nafasi wazi, nikalipa nikasaini. Nikamwandika mume wangu na shemeji, mdogo wake mume wangu, maana sisi watatu ndo tunaenda kuwinda nguruwe pori pamoja. Baadae shemeji akahama jimbo, wakagombana na kaka yake mambo ya mirathi ya baba yao, simu hapokei. Mimi nataka sailensa ya pili.

Sasa tangu Julai 13, 2016 kanuni inaitwa 41F inataka kila mdhamini aliyemo kwenye trasti atoe alama za vidole, picha na fomu yake, kila mkiomba kitu kipya ATF, idara ya serikali kuu inayotoa vibali vya vitu hivi. Kila mkiomba! Nikasema basi namtoa. Nasoma zile karatasi usiku kucha, kila badiliko lisainiwe na wadhamini wote, na yeye akiwemo. Miezi saba nambembeleza mtu sahihi moja. Na hakuna aliyeniambia kwamba naruhusiwa kufungua trasti nyingine pembeni nikaendelea na maisha, dila alikuwa ananijibu tu "subiri shemeji yako".

Kwa hiyo mimi sitawapotezea muda na mambo ya mirathi na usiri ambayo wauzaji wanayaimba. Ulizeni hiki kimoja, nani ana uwezo wa kumtoa mtu, na anamtoa kwa sahihi ya nani. Ndoa zinavunjika, ndugu wanagombana, na mdhamini aliyemo ana haki ya kukaa na hiyo sailensa kihalali hata kama hamsemeshani.

Namba moja kwangu ni Single Shot Trust ya Silencer Shop, nasema wazi ndo ninayoitumia sasa. Kila kitu kinakuwa na trasti yake. Unaomba peke yako, alama za vidole zako tu, kibali kikishatoka ndo unamwongeza mume au mtoto mkubwa. Ukija kununua nyingine mwakani, yule uliyemwandika kwenye ya kwanza hahusiki kabisa, hata akiwa amekununia. Vidole nilipiga kwenye mashine yao iliyopo dukani nikamaliza. Kabla ya kusaini soma kifungu changu kile kile, usiniamini mimi.

Namba mbili, trasti ya kuandikiwa na wakili anayejua NFA, sheria ya 1934 inayosimamia sailensa na mashingani (bunduki za kufyatua mfululizo). Ni ghali, lakini kama una vitu vingi, au una mashingani iliyosajiliwa kabla ya Mei 19, 1986, ambayo bei yake ni ya gari na zaidi, lipa. Mwambie wakili aandike kwamba muasisi, yaani aliyeanzisha trasti, anamtoa mdhamini yeyote peke yake, bila kumwomba.

Namba tatu, jina lako mwenyewe. Kwa mtu anayeishi peke yake naona inatosha, karatasi chache, hakuna mtu wa kugombana nae. Na msitishwe kwamba ukifa serikali inachukua, sio kweli, msimamizi wa mirathi anaitunza na mrithi anahamishiwa kwa Fomu 5 bila kodi. Shida ni ukiwa na mwenza. Wewe ukiwepo anaweza kuitumia, ukisafiri ukamwachia namba za sefu mmeshaingia matatani wote wawili, maana yeye hayumo kwenye usajili, na watu wengi sana wanaishi hivyo hawajui.

Za mwisho ni zile za bei chee za kujaza nafasi. Hapana.

Halafu hili la bei linaniuma. Tangu Januari 1, 2026 kodi ya dola 200 ya kila usajili imeondolewa kwa sailensa na bunduki za mtutu mfupi, imebaki kwa mashingani na vilipuzi. Maana yake aliyesajili kwa jina lake akitaka kuhamishia kwenye trasti anajaza Fomu 4 nyingine, ile ya kuhamisha umiliki, ila halipi tena 200. Lakini nimeingia maduka mawili mwezi uliopita, wote wanauza trasti kwa maneno yale yale ya zamani, "usipochukua leo utalipa kodi mara mbili". Mtu mgeni anaogopa, analipa.

Na ndugu zangu wa Afrika Mashariki mlioko huku, grini kadi unaruhusiwa, viza ya mwanafunzi au ya kazi kwa kawaida huruhusiwi kushika bunduki wala sailensa, na trasti haibadilishi hilo. Msimwandike binamu aliyekuja kusoma ili tu muende nae porini. Atakayeharibikiwa makaratasi ni yeye.

Mkiwa na trasti tayari, fungueni leo mtafute hicho kifungu, mkikikosa mtafuteni wakili wakati wote mliomo bado mnaongea.