GIMP 3.0: ya bure, na bado kuna wanaoidai

Steshenari yangu iko Morogoro, na kazi zinazoingia ni zile zile: picha za pasipoti, kadi za mchango, mabango ya mahafali, fulana za vikoba. Tangu GIMP 3.0 itoke Machi 2025 ndiyo ninayohaririria picha. Zile programu za wizi zinazozunguka kwenye flashi pamoja na virusi vyake nimezipa mkono wa buriani.

Kilichonikosha ni filta. Zamani ukiliwekea kivuli jina la bibi harusi, kimeganda. Shangazi akisema kizito, unaanza upya. Sasa filta inabaki kwenye leya (tabaka la picha) na alama yake ya fx: unaifungua, unaipunguza, unaizima ukitaka. Maandishi nayo yanawekewa mstari wa pembeni, na ukisahihisha herufi mstari unafuata wenyewe. Anayetengeneza kadi anajua majina ya ukoo husahihishwa mpaka usiku wa manane.

Kasoro zipo. Toleo hili halina zana ya kuchora duara moja kwa moja. Unachagua eneo la duara, kisha unalijaza rangi. Kazi yenyewe inafanyika kwa RGB, rangi za skrini, na CMYK, rangi za kuchapia, unaipata wakati wa kutoa faili, kwa mfano JPEG au TIFF. Plagini, yaani programu ndogo za nyongeza, za toleo la zamani la 2.10 nazo hazikubali humu mpaka ziandikwe upya.

Hapo ndipo mafundi wenzangu hunichosha. "Toka 2.10 mwaka 2018 mpaka leo, hao jamaa walikuwa wamelala?" Walale saa ngapi? Programu nzima ilibidi ihamishwe kutoka GTK2 kwenda GTK3, yaani vifaa vinavyochora madirisha, vitufe na menyu zote, huku 2.10 nayo ikiendelea kutolewa marekebisho. Na GTK yenyewe ilizaliwa humu humu: Spencer Kimball na Peter Mattis walianza GIMP mwaka 1995 wakiwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, wakaishia kujitengenezea na vifaa vya kuchorea madirisha. Wanaoibeba leo ni kikundi kidogo, wengi wao wa kujitolea. Halafu mtu wa Kihonda aliyeipakua bure anafoka kama kalipia! Ni yule yule wa kwenye harusi: mchango hajatoa, ila nyama ikiwa ngumu sauti yake ndiyo ya kwanza.

Kuomba si kosa, mimi mwenyewe duara nalitaka. Ila "iwe kama Photoshop" fundi wa kujitolea ataifanyia nini? Mwambie unatumia toleo gani, Windows au Linux, ulibofya nini, kikatokea nini, na faili umwambatishie. Hiyo anaweza kukaa nayo Jumamosi akaimaliza. Mwenye chochote mfukoni, mradi hupokea michango kupitia shirika la GNOME Foundation. Binafsi kila msimu wa harusi ukiisha natenga kidogo, na sioni kama nimefanya hisani. Kodi ya fremu inatokana na kadi hizo hizo.

Kwa kadi, mabango na picha za pasipoti naipa nyota nne kati ya tano. Jarida la shule lenye kurasa nyingi usiilazimishe, hamia Scribus, programu ya kupanga kurasa, nayo ni ya bure.