Madesa ya Hesabu ya Advansi Niliyouziwa WhatsApp: Uzoefu Wangu

Wakuu, naandika hii hasira bado zipo kwa hiyo mtanivumilia. Kuna jamaa anauza madesa (notsi za kujisomea) na video za Advanced Math huko WhatsApp, simtaji na namba yake sitoi, ila kama umewahi kutafuta material za kujisomea kalkulasi ya form five na six peke yako, bila shule bila ticha, basi matangazo ya aina yake umeshakutana nayo mpaka umechoka.

Mi narudia pepa kama prayveti. Nilisoma PCM, fizikia na kemia zikatoka vizuri tu, hesabu ikanitolea S, yani subsidiary, ile pasi ya chini isiyofika principal, na kozi ninayoitaka chuo hawataki hata kusikia habari za S. Mchana nipo dukani, usiku ndo nasoma kwa simu, tuisheni za kwenda kukaa darasani hazinihusu, nataka kitu nifungue saa tano za usiku nikisome nikielewe mwenyewe. Basi nikatuma hela, nikaungwa kwenye grupu, likaja lizipu zito balaa likamaliza bando la wiki nzima.

Vikasoro vidogo vidogo navipita haraka. Page zimepigwa picha kiupandeupande, nyingine ukizikuza zinakuwa ukungu mtupu. Kuna definite integral moja kidole gumba cha mpiga picha kimekaa juu ya limit ya chini, yani swali unaliona, jibu unaliona, ila unaintegreti kuanzia wapi hujui. Nikaanza kurudi nyuma kutoka kwenye jibu mpaka nikajua chini ya kidole kuna π/6. Sawa, hiyo nayo ni zoezi, nikasamehe.

Ambacho sijasamehe na sitasamehe ni hyperbolic functions, zile za sinh na cosh zinazotengenezwa na e^x.

Kwa asiyejua, pepa wani ya Advanced Math ya NECTA, baraza la mitihani, ina maswali 10 na hakuna kuchagua, unafanya yote, na hyperbolic huwa ina swali lake. Huwezi kusema hii naiacha nitafidia kwenye intigresheni. Sasa nafungua desa, kwenye jedwali kaandika derivative ya cosh x ni −sinh x. Nikajua kalamu imeteleza, inatokea kwa mtu yeyote. Kushuka chini naona mfano umefanywa kwa hiyo hiyo minus, na jibu lililotoka na hiyo minus limezungushiwa duara mara mbili kwa peni nyekundu kama la kujivunia! Nikachukua daftari. cosh x ni (e^x + e^−x)/2. Difarenshieti: e^x inabaki e^x, e^−x inatoa −e^−x, unapata (e^x − e^−x)/2 na hiyo ndo sinh x yenyewe, chanya, haina minus popote. Minus ni ya cos ile ya kawaida ya trigo, huyu bwana kaibeba kutoka huko akaja kuishusha kwenye cosh, na watu wote waliomlipa wanakariri hivyo waende nayo kwenye chumba cha mtihani.

Nikauliza kwenye grupu, kwa adabu zote jamani, "Ticha shikamoo, samahani naomba kuuliza, page ya hyperbolic ile minus ya derivative ya cosh imekaa sawa?" nikaweka na picha ya nilivyofanya mimi. Kimya. Watu wanasoma tu. Mmoja akaandika "hata mi nilishangaa" dakika hiyo hiyo akafuta. Usiku ticha akaibuka: "Dogo we ni mwalimu au mwanafunzi? Kama unajua sana fungua grupu lako." Nikajibu hapana ticha nataka tu kuelewa, nabonyeza kutuma, naona nimeshatolewa. Hela yangu hajaitoa, kanitoa mimi! Nikampigia, haipokelewi, kumfuata inbox kaniblock.

Dogo. Nina watoto wawili mimi.

Yani tangu siku ile kila nikiona cosh naiona ile sura yake ya profile. Hata page ambazo hazina kosa nazisoma kwa mashaka, narudia kila mstari, na hapo ndo utajua desa limekufa, maana kama kila mstari lazima niuhakiki mwenyewe nilikulipa ya nini?

Ila sasa, tuseme ukweli maana Mungu anaona. Video yake ya kuintegreti kwa t ni moto. Ile ya kuweka t = tan(x/2). Mi nilimaliza form six nimekariri tu kwamba dx inakuwa 2dt/(1+t²) na cos x inakuwa (1−t²)/(1+t²), sikuwahi kujua zinatoka wapi, yeye akachora pembetatu ya pembe x/2, juu t chini 1 mshazari mzizi wa 1+t², akavitoa vyote hapo hapo bila kukimbia. Halafu akachukua integral ya 1/(5+4cos x), akazidisha, vitu vikaanza kukatana, chini ikabaki 9+t² peke yake, jibu ⅔ tan⁻¹(t/3) jumlisha c na akarudisha t kuwa tan(x/2). Nilisimama peke yangu chumbani aisee. Mke wangu akauliza kuna nini nikasema hamna. Kwa hiyo jamaa kufundisha anajua, siwezi kumnyima hiyo, na nilikuwa nimepanga kusema kama una hela ya ziada nunua video tu achana na madesa.

Lakini kadiri ninavyoandika ndo hasira zinarudi. Mtu anajua kufundisha kiasi hicho halafu swali la minus moja linamfanya amtoe mtu? Angesema "asante, nimeteleza" yangeisha na mi ningemletea wateja wengine. Hapana. Msinunue hata video.

Nilivyotolewa ndo nikaanza kutafuta vya bure, na hapa ndo nimeumia zaidi maana vipo na ni vizuri kuliko nilichonunua. OpenStax wana vitabu vya Calculus, volume tatu, unadownload pdf bure kabisa, na kwenye volume one sura ya 6 mwishoni kuna hyperbolic na derivative zake, cosh inatoa sinh chanya, nilicheka mwenyewe. Ubaya wake nyuma wanakupa majibu ya namba witiri tu, za shufwa utajijua. Paul's Online Math Notes, ya mwalimu mmoja wa chuo cha Lamar huko Texas, hiyo ndo naipenda mpaka kesho, ni maandishi kwa hiyo haili bando, na maswali ya mazoezi yana solusheni hatua kwa hatua, unaifungua pale tu ukikwama. Khan Academy nzuri sana kwa difarensiesheni na intigresheni ila ujue wanafuata AP Calculus, silabasi ya sekondari ya Marekani, na huko hyperbolic haimo, ukitegemea hiyo tu unaingia kwenye pepa na pengo. Backhouse, kile kitabu cha zamani cha Pure Mathematics, ya karatasi bado naitumia, maelezo yake makavu, mazoezi mengi na majibu nyuma.

Halafu kuna kitu watu wengi wanakipita, zile ripoti za NECTA wanazotoa baada ya mtihani kuchambua watahiniwa walivyojibu. Zipo kwenye tovuti yao bure. Wanakuwekea kipande cha kazi ya aliyekosa na cha aliyepata, kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe, wanakwambia kakosea wapi. Mi nimejifunza mengi kwa wale waliokosa kuliko kwa madesa yote ya 15,000 yangu.

Tatizo la hivi vya bure ni kwamba havijapangwa kwa silabasi yetu, unaokota kipande hapa kipande pale, na usiku umechoka unatamani mtu akwambie tu leo soma hiki. Hapo ndo hawa wauzaji wanapotupatia. Na ndo maana nikiwa mkweli sijafuta lile zipu. Nimefuta page ya hyperbolic tu, ile ya t nimeihamishia kwenye memori kadi isije ikapotea. Nyota? Mbili. Moja ya pembetatu na moja... hapana, moja tu. Aliniita dogo.

Sasa nimebakiza numerical methods, Newton-Raphson nipo vizuri ila trapezoidal na Simpson's, zile njia mbili za kukadiria integral kwa kukata eneo vipande (strip), nachanganya ipi inataka idadi ya strip iwe shufwa na ipi haijali, mwenye material inayoeleza kwa nini iko hivyo, si fomula tupu, aweke hapa. Ya bure tafadhali.