Walimshona vizuri, usiku wakamwacha alie

Nisije nikaonekana sina shukrani: daktari aliyemshona mwanangu ana mkono. Ule mdomo sungura aliozaliwa nao, leo ukimtazama huoni kitu ila kamstari kembamba chini ya pua. Hapo sina neno.

Shida ni usiku. Ilikuwa kipindi kile cha upepo wetu wa Dodoma, madirisha ya wodi yanagonga, na mtoto wa miezi mitano, kilo sita, kafungwa kadibodi na bandeji kwenye viwiko asije akafikisha vidole kwenye nyuzi. Alitoka thieta saa nane mchana, katulia, nikajidanganya mambo mepesi. Kumbe ni ganzi, walimchoma usoni akiwa bado amelala. Saa mbili usiku ikaisha. Akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia: mdomo unataka kufunguka, unaogopa.

Nikaenda mezani. "Samahani sista, mtoto anaumia, na dawa yake ya saa mbili hajapata." Macho kwenye simu. "Mama, kapasuliwa, ulitaka acheke? Hawa wadogo maumivu hawayajui. Hiyo njaa, mnyonyeshe."

Mnyonyeshe! Mtoto mwenye kaakaa lililopasuka, tangu azaliwe namkamulia maziwa namnywesha kwa kijiko. Faili analo hapo mbele yake! Na hilo la kutojua maumivu waliliamini madaktari wengi Ulaya na Marekani mpaka miaka ya 1980. Sisi bado tu?

Saa sita ndipo akapita nesi mwingine, mtu mzima. Hakuniuliza kitu. Akamtazama paji la uso, akatazama miguu inavyojikunja. Akapiga hesabu kwa sauti: miligramu 15 kwa kila kilo, kilo sita, 90. Parasetamo ya maji ina 120 kwenye mililita tano, basi akavuta nne kasoro kidogo kwa bomba lisilo na sindano, akamdondoshea shavuni taratibu. "Hii hungoji alie, mama. Kila baada ya saa sita unampa." Muda si mrefu kalala.

Saa nne nzima za kilio, kwa dawa iliyojaa kila duka la dawa mjini!

Niliapa sirudi pale. Lakini kaakaa bado, wanataka nimrudishe akitimiza mwaka hivi, na kusema kweli sitaki mkono mwingine umguse zaidi ya wa daktari yule. Nitarudi. Ila kabla sijatandika kanga kitandani nitauliza kwanza nani yuko zamu ya usiku.