Petzl Tikka: taa ya kichwani kwa wanaofanya fildi usiku

Wadau wa bayolojia, hasa mnaotafuta vyura na buibui, taa ya kichwani nunueni kabla hata ya buti za mvua. Mi natumia Petzl Tikka na naipenda sana, ina lumeni 350 (kipimo cha wingi wa mwanga) na inatumia betri tatu za AAA, zile ndogo unazipata hata duka la Mangi, na hilo ndo la muhimu maana ukiwa ndani ya msitu wa Pugu au Kazimzumbwi betri zikiisha unabadilisha fasta unaendelea na kazi, husubiri umeme.

Afu kuna mwanga mwekundu. Macho yakishazoea giza mwanga mweupe unayavuruga, inabidi usubiri tena mpaka uone vizuri, ila kwa mwekundu unasoma kipimo na kuandika kwenye daftari bila shida. Kutafuta buibui rudisha mweupe, taa ikiwa karibu na usawa wa macho yako macho yao yanarudisha mwanga, unayaona yanang'aa kwenye majani makavu, yaani raha kabisa!

Kasoro ni kwamba kiwango chake cha kuzuia maji ni IPX4, inavumilia mvua na matone ila sio kuzama, so kama unaingia mabwawani tafuta ya IPX7, hiyo inahimili mita 1 ya maji kwa dakika 30. Zile za bei chee za Kariakoo zilizoandikwa lumeni maelfu msiziamini, niliyonunua ilikufa masika hayohayo. Mwanafunzi kama Tikka inakushinda bei chukua yoyote yenye mwanga mwekundu na betri za AAA, na ubebe tochi ya akiba.