Kliniki ya uzazi ya Kampala: tathmini kwa wanaotoka mbali

Nilipata matibabu ya kupandikiza mimba katika kliniki moja jijini Kampala, ambayo sitaitaja jina kwa sababu nina malalamiko nayo. Ninaandika hasa kwa ajili ya kina mama wa Arua na kwingineko mbali, kwa kuwa matangazo ya kliniki za aina hii humsifia mtoto atakayepatikana na kuyanyamazia maumivu ya ovari yanayomtangulia, na mara nyingine yanayoendelea hata mimba ikishaingia.

Katika maelezo, kliniki hiyo inastahili sifa. Kabla ya sindano ya kwanza, sista alinifafanulia kwamba ovari, ambazo kwa kawaida hukomaza yai moja kwa mwezi, huchochewa zikuze mengi kwa pamoja kwa siku 8 hadi 14 hivi, kwa hiyo tumbo kujaa na kuvuta chini ya kitovu ni jambo la kutarajiwa. Daktari naye, kila alipopima kwa ultrasaundi, alinigeuzia skrini, akavihesabu vifuko vya mayai kwa sauti na kuandika kipenyo cha kila kimoja kwa milimita. Alisema kwamba vikizidi mno yeye huvigandisha viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, na kuahirisha kupandikiza, kwa maana homoni ya mimba huzichochea upya ovari ambazo tayari zimevimba. Vyangu havikufikia kiwango hicho, tukaendelea.

Karatasi ya maelekezo ni nzuri: inashauri parasetamoli badala ya ibuprofeni, inataka ujipime uzito kila asubuhi, na inaagiza urudi upesi ukiongezeka zaidi ya kilo moja kwa siku, mkojo ukipungua, ukitapika mfululizo au ukikosa pumzi. Maumivu makali ya ghafla ya upande mmoja yamepigiwa mstari, kwani ovari iliyovimba inaweza kujisokota na kuhitaji upasuaji wa haraka. Ila karatasi yenyewe ipo kwa Kiingereza na Kiganda tu, katika nchi ambayo Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2005!

Kasoro kubwa ilijitokeza nilipokuwa nimesharudi Arua na kipimo cha mimba kimeonyesha ninayo. Tumbo lilivimba tena hadi gomesi, vazi langu, haikufungika vizuri, na upande wa kulia ukauma. Nilipiga namba ya dharura ya kliniki usiku kucha bila kujibiwa. Daktari wa zamu wa hospitali ya jirani alinipokea vizuri, lakini hakuwa na faili langu, hivyo hakujua ovari zilikuwa na ukubwa gani kabla, na ilimbidi kwanza ahakikishe kwamba mimba haikutunga nje ya mfuko wa uzazi, jambo linaloweza kutokea hata kiinitete kikiwa kimewekwa ndani. Aliiona mimba mahali pake, ovari zimevimba na maji kidogo tumboni, akanilaza kwa uangalizi hadi uvimbe ukaanza kupungua.

Kliniki iliomba radhi asubuhi na kutuma vipimo vyangu kwa WhatsApp, lakini gharama za kulazwa zilibaki kwangu, kwa kuwa malipo yao huishia kwenye kipimo cha mimba. Ujuzi wao wa ultrasaundi naupa alama za juu. Ufuatiliaji wa mgonjwa aliye mbali, alama za chini kabisa. Anayekwenda huko kutoka mikoani asiondoke Kampala bila nakala ya faili lake mkononi na namba ya simu ya daktari mwenyewe.