Jumpstart: Deki Yako Inataka Kushinda Vipi?

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo mezani nina Jumpstart ya Magic: The Gathering, mchezo wa karata wa kupambana na mpinzani, ile iliyotoka 2020. Nimeichagua kwa sababu hapa Dar nakutana na wachezaji wengi wenye karata kali, lakini ukiwauliza deki yao, yaani rundo la karata wanalochezea, inashindaje, wanaanza kukuonyesha picha.

Kila pakiti ina karata 20, za ardhi zikiwemo, na zote zinafuata mada moja: maharamia, paka, dinosaria, magoblini na nyingine nyingi. Unafungua mbili, unazichanga pamoja, una deki ya karata 40. Unacheza.

Sasa mada inafanya kazi gani? Sogeeni hapa, niwaonyeshe kwa karata mbili zangu za magoblini. Hii ni Goblin Chieftain, mana 3, yaani malipo ya kumtoa, yanayotoka kwenye karata za ardhi. Ikiwa mezani, magoblini wenzake wote wanaongezewa 1 kwenye nguvu na 1 kwenye uimara, na wanaweza kushambulia zamu ileile waliyoingia. Zamu inayofuata namtoa Krenko, Mob Boss, mana 4. Peke yake angesubiri mpaka zamu yangu nyingine ndipo afanye kazi. Chieftain akiwepo, namlaza Krenko hapohapo, yaani nageuza karata yake ubavu ili alete magoblini wapya sawa na idadi niliyonayo. Nahesabu magoblini wangu: wawili. Basi wanaongezeka wawili, na wanaingia tayari kwa vita. Zamu ijayo wapo wanne, wanakuwa wanane. Mpinzani ana uhai 20. Atahimili zamu ngapi?

Hebu sasa toa Chieftain, weka joka la mana 7 kwa sababu linapendeza. Joka ni zuri, sikatai! Ila limekaa mkononi huku Krenko anasubiri.

Na mada si lazima iwe kabila la viumbe. Kuna ya kumwagia mpinzani karata za deki yake kaburini, yaani kwenye rundo la karata zilizokwisha kutumika, maana anayetakiwa kuvuta karata na deki imeisha, ameshindwa. Hapa ndipo ninapoilaumu Jumpstart: pakiti huchagui. Ukiangukia magoblini na hiyo ya kumwaga deki, nusu ya karata zako zinapunguza uhai, nusu zinapunguza deki, na hakuna kazi inayokamilika. Unampeleka mpinzani nusu ya njia mara mbili. Lakini mchezo mmoja wa namna hiyo unamfundisha mtu haraka kuliko maelezo yangu yote.

Ukihamia deki yako mwenyewe ya karata 60, ndiyo utaona nafasi zilivyo chache. Weka ardhi 24, zinabaki 36. Unaruhusiwa nakala nne za kila karata isiyo ardhi ya msingi, kwa hiyo ukijaza nnenne unachagua karata tisa tu. Tisa! Mimi kabla sijachagua hata moja naandika kwenye karatasi: deki hii inashinda kwa kujaza magoblini mezani mapema. Kisha kila karata naiuliza, wewe unasaidia nini hapo? Isiyo na jibu inarudi boksini, hata kama niliinunua kwa bei mbaya.

Maandishi ni ya Kiingereza, kwa hiyo wadogo zetu watahitaji kusomewa. Na tafadhali, nunueni mifuko yake ya plastiki. Joto la Dar, mikono ina jasho, karata zinachakaa haraka.

Kwa anayeanza na ana rafiki wa kucheza naye, chukueni pakiti nne, mbilimbili, bila wasiwasi. Kama tayari una deki inayojua kazi yake, pesa hiyo nunulia karata mojamoja unazozihitaji.