Niliambiwa nifute, nikafuta: eSIM yangu ya safari ya Guangzhou

Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, ingawa safari yenyewe imekwisha kitambo na mzigo wangu umeshafika Kariakoo. Nilikwenda Guangzhou kununua vitambaa katika soko la Zhongda, kipindi cha maonyesho makubwa ya biashara ya Canton ya mwezi wa Oktoba ambapo jiji hujaa wafanyabiashara wa kila taifa, na kwa mara ya kwanza niliamua kuachana na laini ya Kichina. Nilinunua eSIM ya data, yaani laini isiyo na kadi ambayo huingizwa kwenye simu kwa msimbo wa QR, kwa kampuni moja inayojitangaza sana mtandaoni, nikaiweka kwenye simu nikiwa nyumbani Dar es Salaam, nikapanda ndege bila wasiwasi wowote.

Anayefanya biashara na China anajua kwa nini nilifanya hivyo. Ukiwa na laini ya kule, au Wi-Fi ya kule, WhatsApp haifunguki, Gmail haifunguki, Google haifunguki, mpaka uhangaike na VPN, programu ya kukwepa kizuizi cha mtandao cha China, ambayo leo inashika na kesho haishiki. eSIM nyingi za wasafiri ni laini za nje, mara nyingi za Hong Kong, ambazo zikifika China huazima minara ya kampuni za pale. Data yako hurudishwa kwanza huko laini ilikotoka, ndipo itoke kwenda intaneti, na kwa njia hiyo kizuizi hakiikuti. Wateja wangu hutaka kuona kitambaa kwa video kabla sijalipa, wakiambiwa rangi kwa maneno hawaridhiki, kwa hiyo sababu hiyo peke yake ilinitosha.

Nilitua uwanja wa Baiyun usiku. Simu ilionyesha mawimbi, tena yamejaa, lakini hakuna ujumbe hata mmoja ulioingia. Nilizima simu nikaiwasha, nikasubiri, hola. Wakala wangu wa mizigo alikuwa ameniahidi dereva, na jina la dereva pamoja na namba ya gari vilikuwa WhatsApp. Nikahangaika na Wi-Fi ya uwanjani mpaka ikakubali, nikafungua programu ya ile kampuni, nikaandika kwa huduma kwa wateja kwamba nina mawimbi ila sina data.

Jibu lilikuja upesi, hilo nalikiri. Niliambiwa niifute eSIM kwenye simu kisha niiweke upya kwa msimbo uleule wa QR. Niliuliza, kwa maandishi kabisa, kama kuifuta hakutaniletea matatizo. Nikajibiwa: "Fuata maelekezo, tafadhali." Nikafuta. Nilipoupiga picha ule msimbo, simu ikasema umekwisha kutumika na hauwezi kutumika tena.

Msomaji ambaye hajawahi kununua laini za aina hii aelewe jambo hili vizuri, kwa sababu mimi nililijua nikiwa nimesimama karibu na mkanda wa mabegi: misimbo mingi ya eSIM hutumika mara moja tu. Kuifuta eSIM ni kama kuitupa laini yako baharini. Mtu anayelipwa kuhudumia bidhaa hiyo anawezaje kutolijua jambo hilo la kwanza kabisa?

Na hayo yalikuwa madogo. Nilipomweleza mhudumu kilichotokea, aliniandikia kwamba ameshanitumia msimbo mpya kwa barua pepe. Barua pepe yangu ni ya Gmail. Nipo China, nipo kwenye Wi-Fi ya China, na laini pekee ambayo ingenifungulia Gmail ndiyo hiyo aliyoniamuru niifute! Nikamwomba auweke msimbo hapohapo kwenye mazungumzo yetu. Akasema kwa sababu za usalama haiwezekani, niangalie barua pepe. Nikamweleza kwamba Gmail imefungiwa China. Akarudia sentensi ileile, neno kwa neno, kisha akaniuliza kama kuna jingine la kunisaidia, na kabla sijamaliza kuandika akawa ameyafunga mazungumzo. Kampuni inauza bando lenye jina la China, inalitangaza kwa sifa kwamba WhatsApp na Gmail vitafunguka, halafu mhudumu wake hajui kwamba bila bando hilo havifunguki. Kwa saa ile ningekuwa na uwezo ningewapa sifuri, kwa kuwa nyota moja ilikuwa nyingi.

Aliyeniokoa ni kijana niliyekuwa naye kwenye ndege. Alinikuta nimekaa juu ya sanduku, akaniamkia, "Shikamoo mama, kuna shida?" Nilipomweleza, akawasha hotspot ya simu yake, naye alikuwa na eSIM kama yangu, ya kampuni nyingine. Gmail ikafunguka. Msimbo ulikuwepo kweli, lakini ulikuwa kwenye kioo cha simu ileile iliyotakiwa kuupiga picha. Ikabidi aupige picha kwa simu yake, kisha tukazielekezana simu mbili juu ya sanduku langu mpaka yangu ikausoma. Laini ikaingia. Mawimbi yakajaa. Data hakuna.

Kijana akaniuliza swali moja: "Mama, umewasha roming kwenye hii laini?" Nilikuwa sijawasha. Miaka yote tumefundishwa kwamba ukisafiri, roming ndiyo inayokumaliza salio, na mimi huwa naizima kabla hata ya kufika uwanja wa ndege. Lakini eSIM hii ni mgeni kule China kama nilivyo mimi. Imetoka nje na inaazima minara, kwa hiyo bila roming haipati data. Akanionyesha niiwashe kwa laini hiyo tu na kuiacha imezimwa kwa laini yangu ya nyumbani. Akabonyeza, na meseji zikaanza kumiminika hadi simu ikawa inatetemeka mkononi, za dereva zikiwemo, ya mwisho ikisema amesubiri na ameondoka. Nilifika mtaa wa Xiaobei kwa teksi usiku wa manane.

Kitufe kimoja! Lile lilikuwa ndilo swali la kwanza la kuniuliza, kabla ya kuniambia nifute kitu chochote.

Sasa haki nayo niiseme. Kuanzia asubuhi ile, ile laini haikuniangusha hata siku moja. Nilisimama ndani ya Zhongda, katikati ya majora, nikampigia mteja wangu kwa video, akaona kitambaa kikikunjwa na kukunjuliwa, akaagiza palepale. Safari zilizopita nilikuwa natuma picha usiku hotelini na kujibiwa kesho yake, bei ikiwa imeshabadilika. Kwa upande wa mtandao siwezi kuwadhulumu: ni mzuri, pengine bora kuliko wowote niliowahi kutumia nje ya nchi.

Lakini nilipoandika malalamiko baada ya kurudi, nilijibiwa kwamba kwa kuwa bando lilitumika lote, hakuna fedha ya kurudishwa. Mimi sikudai fedha. Nilitaka mtu mmoja akiri kwamba niliambiwa nifute laini bila kuulizwa swali, na kwamba mhudumu alinifungia mazungumzo nikiwa peke yangu uwanjani usiku. Hilo hawakuligusa, na hasira iliyokuwa imepoa ikarudi upya.

Ninajiandaa kwa maonyesho ya Aprili. Nimeandikia kampuni tatu swali moja kabla ya kulipa: nikikwama uwanjani China na laini imefutika, msimbo mpya mtanipatia kwa njia gani? Mbili zimenitumia kiungo cha maswali yanayoulizwa mara kwa mara. Ya tatu imejibu kwamba wataniwekea ndani ya mazungumzo, kisha wao wenyewe wakaniuliza kama ninajua kuwasha roming. Mtandao wao siujui kama utafikia ule wa mwanzo. Nimelipia huo wa kampuni ya tatu.